Springi Laini za Pijo la Bwana Melkiori

Wadogo zangu wa gereji za Gungu, hapa Kigoma, juzi nilimwona mmoja wenu akinunua springi za mbele kwa picha ya simu. Alionyesha picha, akaambiwa zipo, akalipa, akakaa kusubiri basi la Dar. Sikusema kitu. Kusema mbele za watu sijawahi kuweza, hata nilipokuwa na nguvu zangu. Ndiyo maana naandika. Nako kuandika nakwenda polepole, kwa sababu shule yangu iliishia darasa la saba na mkono huu umeshika spana miaka mingi kuliko kalamu. Mnisome hivyo hivyo.

Kwenye picha springi zote ni nzuri. Zimepakwa rangi nyeusi, zimesimama wima kama askari. Lakini springi mbili zinaweza kulingana kimo zikiwa mezani, moja ikawa ya kubeba injini ya dizeli, ambayo ni nzito, na nyingine ya petroli. Ukizikosea, gari la petroli litatembea kama meza inayoburutwa. Kwa hiyo pima unene wa waya. Hesabu mizunguko, ila ile iliyolala juu kabisa na chini kabisa usiihesabu, hiyo haifanyi kazi. Waya mnene na mizunguko michache ni ngumu. Waya mwembamba na mizunguko mingi ni laini. Kisha itundike kwa kamba uigonge na spana. Iliyo nzima inalia, sauti inakaa hewani kidogo. Yenye ufa inasema "ko", basi.

Hii ya kugonga nilifundishwa na Mzee Ramadhani, mtu wa Ujiji, mwenye gereji niliyofanyia kazi. Alikuwa akiweka sikio karibu na springi, anafumba jicho moja, halafu anatangaza gereji nzima isikie, "Huyu mzima!" au "Huyu tukamzike!" Tulikuwa tukicheka. Siku hizi nikilikumbuka neno hilo la kuzika sicheki.

Miaka ile wakimbizi walikuwa wanavuka kwa wingi, wengine kwa maboti kutoka Kongo, wengine kwa miguu kutoka Burundi. Magari nayo yalikuwa yanakimbia. Mtu alitoka Bujumbura na watoto wake, majirani, magodoro na sufuria, wote ndani ya gari moja dogo, akapita njia za milimani. Alipofika kwetu gari lilikuwa limeinama mbele kama ng'ombe anayekunywa maji, tairi linasugua bodi. Kazi ya mbele ilikuwa yangu. Niliipenda, maana ukiwa umelala chini ya gari mteja hakuulizi habari zako.

Dawa yetu miaka ile ilikuwa moja tu, ngumu. Kila gari lilibeba watu na unga na dagaa kuliko lilivyoumbwa. Tulifunga springi za dizeli kwenye gari la petroli. Tulikata vipande vya tairi tukavisokomeza katikati ya mizunguko ili springi isilale. Msifanye hivyo. Pale kwenye kipande ndipo springi itakapovunjika, na itavunjika ukiwa kwenye mteremko. Wala msiichome kwa gesi ili ishuke, itashuka leo na kesho itaendelea kushuka yenyewe.

"Gari la Kigoma ni punda," Mzee Ramadhani alikuwa akisema. "Wewe mpakie, usimuulize habari."

Vibanio vya kubana springi unapoifunga navyo vilikuwa vya kuchomelewa mtaani. Siku moja kimoja kiliachia, springi ikaruka ikatoboa bati la paa na kwenda zake nje. Tuliikuta kwa jirani, kwenye mchicha wake. Jirani alisema, "Ramadhani, nikitaka chuma nitakuja mwenyewe, usinitumie." Tundu lile hatukuliziba. Mvua ikinyesha tunaweka ndoo.

Basi asubuhi moja likaingia Pijo la zamani, yaani Peugeot, rangi ya maziwa, usukani upo kushoto kama magari yote ya kule. Akashuka mtu mrefu, shati limepigwa pasi ingawa kola imechakaa. Akatusalimu kwa salamu ya kwao, "Amahoro, mafundi. Shikamoo Mzee." Jina lake alikuwa Melkiori, dereva wa teksi wa Bujumbura. Gari lilikuwa teksi yake.

"Nataka resori za mbele," alisema. Kwao springi ni resori. "Lakini zisiwe na nguvu. Nataka laini."

Mzee Ramadhani akanigeukia. "Umesikia? Laini! Bwana, unakwenda kubeba mayai?"

"Nabeba mke wangu."

"Mke wako ndiye yai?"

Mafundi wengine wakacheka. Yule bwana hakucheka na hakukasirika. Akasubiri kicheko kiishe, halafu akasema, "Mzee, siku tunakimbia teksi ilijaa majirani, yeye akapanda lori, akaanguka kutoka juu yake. Aliangukia mgongo. Hawezi kukaa. Tunaishi kwa watu waliotupokea, Waha wa njia ya Manyovu, huko juu vilimani. Hospitali ya mkoa walimpima, wakasema awe anarudi. Aliletwa na lori la misaada. Lile lina resori za kubebea mahindi. Alilia njia nzima mpaka sauti ikamwisha. Sasa amekataa. Anasema kama ni kufa, nife hapa hapa kitandani, gari sipandi tena."

Waliocheka wakainamia kazi zao.

"Nimemwambia nitamletea gari ambalo halitamuumiza," akaendelea. "Nimemwapia. Lakini hili langu limekwisha, likiingia shimo linagonga chuma kwa chuma."

Mzee Ramadhani akajifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ulivyohitajika. Akasema, "Ingiza ndani."

Sasa laini mnaipata wapi katika mji ambao kila mtu anataka ngumu? Nyuma ya gereji tulikuwa na makopo ya Pijo mawili matatu, yaani mabovu yaliyofia kwetu. Tulifungua springi za lililokuwa na injini ya petroli. Mzee akazitundika, akazigonga, zikalia. Tukafunga. Gari likashushwa kwenye jeki, likakaa upande, bega la kushoto chini.

Mzee alilizunguka mara kadhaa. "Sakafu mbovu," akasema. Tukalisogeza. Likabaki limeinama. Akasema, "Basi gari ndiyo bovu."

Nililala chini nikatazama. Pijo zile za zamani springi zake za mbele hazikuwa mapacha. Ya upande wa dereva iliongezewa nguvu kidogo, kwa sababu dereva yumo siku zote, abiria anakuja na kwenda. Sisi mikono yetu ilizoea magari ya hapa, dereva yuko kulia, springi yenye nguvu tunaipeleka kulia. Kwa gari la Bujumbura dereva yuko kushoto. Gereji nyingi za Kigoma zilifanya kosa hili miaka ile, wakimbizi wakaendesha magari yaliyoinama na kudhani ni kwa sababu ya shida walizopitia. Nilimwonyesha Mzee kwa kidole, bila kusema. Akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe springi nazo zina uraia!"

Tukabadilisha. Gari likakaa sawa. Kisha tulitoa kiti cha mbele cha abiria, tukatandika godoro kutoka mbele mpaka kiti cha nyuma, ili mgonjwa alale amenyooka. Lakini tutajuaje kama ni laini ya kutosha? Mzee Ramadhani akamwita mke wake, Mama Zuhura, aliyekuwa akiuza dagaa Kibirizi, kando ya ziwa. Mama Zuhura alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya sokoni.

"Nilale humo?" aliuliza. "Mchana kweupe? Watu waseme Ramadhani anampeleka mkewe mochari?"

"Lala, mama Zuhura. Unasaidia mgonjwa."

"Mgonjwa mwenyewe utakuwa wewe nikiharibu kanga yangu."

Akalala. Bwana Melkiori akaendesha, mimi nimejikunja nyuma, tukashuka njia ya Kibirizi, ambayo ilikuwa mashimo matupu. Mama Zuhura alikuwa akitusimulia safari nzima. "Hapa sawa... hapa sawa... ee, hapa mmenitingisha kidogo... sawa." Mwishoni akasema, "Mbona raha? Ramadhani, hili godoro lije nyumbani." Bwana Melkiori alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Tukaamini kazi imekwisha.

Siku ya kwenda kumchukua mgonjwa alitaka fundi mmoja aende naye, kama kitu kikilegea njiani. Mzee akanituma mimi. Tulipita Mwandiga tukapanda vilima. Njia nzima hatukuongea, yeye kwa mawazo, mimi kwa haya zangu. Tukafika kwenye nyumba ya udongo yenye migomba, wenyeji wakatusalimu kwa Kiha, "Mwakeye," wakatuingiza ndani.

Spesioza, mke wake, alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba. Vijana, niliomba ardhi inifiche. Mkono wake ulikuwa mwembamba kama mpini wa nyundo. Blanketi lilikuwa limelala juu yake kana kwamba chini hakuna mtu. Na sisi tulipima kwa Mama Zuhura! Springi inaujua uzito kuliko macho. Iliyokubali kulala chini ya mama yule isingesikia kwamba huyu amepanda. Na Mama Zuhura alikuwa na nyama zake za kupokea mtikisiko. Huyu alibaki mifupa.

Tulimbeba kwa shuka, watu wanne, tukamlaza. Akamtazama mumewe, akasema kwa Kirundi maneno machache. Nilielewa nusu, maana Kiha na Kirundi ni ndugu. Alisema, "Nakuamini."

Tuliondoka. Shimo la kwanza aliuma ncha ya kanga. La pili alishika ukingo wa mlango na vidole vikawa vyeupe. Bwana Melkiori alikuwa akiendesha kama anayebeba maji kwenye bakuli, lakini barabara ya mlimani haikuwa na upande mzuri wa kuchagua. La tatu lilikuwa mtaro uliokata barabara, na hapo mgonjwa alitoa sauti ambayo sitaiandika. Mumewe akasimamisha gari. Akakaa ameshika usukani.

"Turudi," Spesioza akasema kwa Kiswahili, labda ili na mimi nisikie. "Msihangaike. Turudi tu."

Tulimrudisha. Kutoka pale mpaka Kigoma Bwana Melkiori aliniuliza swali moja tu. "Fundi, zipo laini kuliko hizi?"

Nikasema, "Zipo." Sikujua kama zipo.

Niliumiza kichwa usiku na mchana. Springi za gari linalofanya kazi huchoka na kulala, na iliyolala haiwi laini, inakuwa fupi tu, inagonga. Nilihitaji waya mwembamba wa injini ndogo ya petroli, lakini kimo kiwe bado cha ujana. Kitu kama hicho unakipata kwa gari ambalo halijabeba chochote miaka mingi. Ndipo nikakumbuka banda la kuku la Kibirizi.

Karibu na wanakoanika dagaa kulikuwa na Pijo dogo la petroli, la zamani kuliko yote. Injini ilitolewa siku nyingi ikafungwa kwenye boti, bodi ikabaki mchangani, na mama mmoja muuza dagaa akaligeuza banda la kuku. Springi za mbele zilikuwa zimekaa miaka yote hiyo bila injini juu yake, zimesimama kama zilivyotoka kiwandani. Nilienda mwenyewe kuomba. Kwangu mimi hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko kufungua injini.

Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho, na mwisho wangu ulichelewa kufika. Akasema, "Chukua, mwanangu. Ila kuku wangu wasilale wameinama." Nikamwekea matofali kila upande. Kuku walinitazama kupitia dirisha kazi nzima, jogoo mmoja alinidonoa sikio.

Mzee Ramadhani alipozitundika na kuzigonga, zililia mpaka fundi wa kuchomelea akanyanyua kichwa. Mzee hakutangaza chochote. Alisema taratibu, "Zifunge. Lakini mwambie bwana yule, mbele hizi hazibebi mtu mwingine. Yeye na mkewe, basi." Tulipunguza na upepo kwenye matairi. Na shokapu tulibadilisha, kwa sababu springi laini ikiwa na shokapu mbovu gari linayumba kama mtumbwi, na mgonjwa atatapika. Hilo nalo mlishike. Springi hamuichagui peke yake, ina mwenzake.

Safari hii hatukujaribu na Mama Zuhura. Aliposikia habari alikaa chini kwenye gereji yetu, juu ya tairi, akalia. "Na mimi nilikuwa nasema raha, raha," alisema. "Mngenichapa."

Tulirudi vilimani. Spesioza alikubali kupanda, nadhani kwa ajili ya mumewe tu. Tukamlaza. Mimi nilikaa nyuma, kichwa chake karibu na goti langu, namtazama usoni kuliko nilivyowahi kumtazama mwanamke asiye wangu. Shimo la kwanza. Kimya. La pili, pua ya gari ikashuka taratibu, ikapanda taratibu, kama mtu anayepumua. Kwenye ule mtaro tuliposhindwa mara ya kwanza, Bwana Melkiori alipunguza mwendo mpaka gari karibu lizime. Tukauvuka. Sikusikia kitu nyuma ya kelele za injini.

Baadaye kidogo akaita, "Spesioza?" Hakujibiwa. "Spesioza!" Sauti yake ilipasuka. Akafunga breki.

Mgonjwa akafungua macho. "We Melkiori," akasema, "niache nilale."

Wadogo zangu, nimefunga springi nyingi maishani. Wateja wamenisifu na wengine wamenitukana. Sifa kubwa niliyowahi kupewa ni hiyo, na mwenye kuitoa hakujua kwamba ananisifu mimi. Bwana Melkiori aliweka paji la uso kwenye usukani, mabega yakatikisika. Nilitazama nje, kwenye mihogo ya watu.

Spesioza aliletwa hospitali mara nyingi kwa gari lile. Kuna siku walipita gerejini, mama akiwa amelala, akatupungia mkono kupitia dirishani. Mama Zuhura akampelekea samaki wa kuchoma, mgebuka wa ziwa letu, akamlisha kwa mkono wake, akimwambia, "Kula mwanangu, unenepe, hizo springi zimezidi uvivu." Spesioza akacheka, akashukuru kwa lugha yake, "Urakoze." Kisha wiki zikapita bila kuwaona. Tukadhani amepona. Katika miaka ile mtu akipotea tulijifunza kudhani mema.

Siku aliyorudi, Bwana Melkiori alikuja peke yake. Gari lilikuwa limeoshwa. Kiti cha mbele kilikuwa kimerudishwa mahali pake. Akasalimia kama kawaida, akanipa mimi funguo.

"Fundi, toa hizi. Niwekee ngumu."

Mzee Ramadhani akasema, "Bwana, hizi bado nzima. Ukizitoa huzipati tena, kuku wamekwisha."

"Najua, Mzee. Nataka kubeba dagaa kutoka Kibirizi. Zitoe. Hakuna tena wa kuumia."

Ndoo ya chini ya tundu la paa ilikuwa bado inadondokewa na maji ya mvua ya jana yake. Mzee aliuliza, "Lini?"

"Ijumaa. Ilikuwa figo. Walisema mgongo ulikuwa unaendelea vizuri."

"Ijumaa!" Mama Zuhura alikuwa amesimama mlangoni na beseni kichwani. "Umezika, na hukutuita? Unazikaje peke yako, Melkiori, sisi tupo?"

Hapa kwetu kutoitwa mazishini ni jambo zito, ndugu hugombana miaka kwa hilo. Bwana Melkiori alimtazama kama mtu anayejaribu kuelewa lugha ngeni.

"Mama," akasema, "sikujua huku nani ni mtu wangu."

Mama Zuhura akashusha beseni. Alikwenda akamshika mkono, akamkalisha kwenye benchi, naye akakaa ubavuni mwake, wakakaa hivyo kama watu wako msibani. Mzee Ramadhani akafunga nusu ya mlango wa gereji. Mafundi wakaacha kugonga.

Mimi peke yangu nilifanya kazi, kwa sababu ndicho alichoomba. Nilinyanyua gari, nikabana springi laini, nikazitoa. Zilikuwa bado na kimo chao. Nikafunga za dizeli, waya mnene, yenye nguvu zaidi kushoto, upande wa dereva. Itafika siku ya kufunga kitu ambacho roho inakataa, na mkono lazima ukaze nati mpaka mwisho, kwa sababu anayeendesha bado yupo hai na barabara ni mbovu. Nilikaza. Nilirudia kukaza.

Nilipomrudishia funguo nilitaka kumwambia pole. Nilikuwa nimeipanga tangu chini ya gari. Badala yake nikamwambia nati zote zimekazwa. Yeye ndiye aliyenipa mkono, akaushika wangu, wenye grisi hivyo hivyo, kwa muda.

Kisha akatoa gari. Mbele ya gereji yetu mpaka barabara ya Ujiji kulikuwa na mashimo ambayo wenyeji tuliyajua yote, na Bwana Melkiori, kwa miezi ile, alikuwa ameyajua kuliko sisi. Siku ile hakukwepa hata moja. Aliyapitia yote, moja baada ya jingine, gari likirukaruka kwenye springi zake mpya, mpaka likakata kona.